Moyo wa Shemeji Kwenye Simu Yangu

Jumanne moja ya mwezi Machi niliambiwa kwamba jana yake, saa nne asubuhi, moyo wangu ulivurugika vibaya sana.

Saa nne hiyo mimi nilikuwa dukani kwa mwoka mikate, kikombe cha tatu cha chai, nikipewa umbea wa talaka ya mchungaji.

Hata mguu sikuwa nimenyanyua.

Ngoja niwaeleze.

Naitwa Hauke, wa Emden, kaskazini mwa Ujerumani. Miaka thelathini nilikuwa kinyozi, na mdomo ulifanya kazi kuliko mkasi. Novemba mshipa wa moyo ukaziba. Wakanizibua, wakaniwekea kijibomba cha kuushikilia wazi.

Baada ya hapo nikaandikiwa mazoezi. Kila Jumanne asubuhi, wagonjwa wa moyo kumi na wanne tunakutana kwenye ukumbi wa klabu ya michezo. Tunazunguka, tunarushiana mpira, kila mara tunashika shingo kuhesabu mapigo. Daktari anakaa kwenye benchi na mashine ya kushtua moyo, anafuma soksi.

Hapo sikosi. Watu, utani, raha tupu.

Shida ni nyumbani. Nusu saa ya baiskeli kila siku, peke yako, na mkanda kifuani. Mkanda unapeleka mapigo kwenye simu, simu inampelekea Wiebke, mwalimu wetu.

Peke yangu? Kwenye upepo wa huku? Niongee na kondoo?

Sasa shemeji yangu Enno, kaka wa mke wangu Antje, hupanda baiskeli kila asubuhi juu ya tuta refu la kuzuia bahari. Ana miaka sitini na sita, hajaona daktari tangu atoke jeshini, na hachoki kulitaja hilo. Nikamvalisha mkanda, nikamkabidhi simu. Akacheka, akasema sisi wagonjwa tumezidi kudeka.

Kwa siku sita nikawa mwanamichezo.

Ndipo Jumanne hiyo Wiebke akanivuta hadi kwenye benchi la daktari. Akanionyesha mstari unaopanda mia na sabini, unaanguka, unaruka tena bila mpangilio.

"Hauke, kwa dawa unazomeza, moyo wako haufiki huku hata ukikimbizwa na fahali. Kwa hiyo umeacha dawa, au huu moyo si wako. Ipi?"

Wenzangu wameacha mpira, masikio yote kwetu. Jibu jepesi lilikuwa mdomoni: nimeacha dawa. Ningekaripiwa, yangeisha, na Antje asingejua.

Nikatazama saa ya ukutani. Saa nne na dakika tano.

"Ni wa shemeji," nikasema. "Na sasa hivi yuko tutani."

Soksi ikaanguka. Wote wakaamriwa wakae chini, maana bila daktari ukumbini hakuna kurusha hata mpira. Sisi watatu mbio kwenye gari la Wiebke.

Tulimkuta Enno amekaa kwenye nyasi kando ya baiskeli, uso umepauka kama unga. Eti anapumzika. Daktari akamshika mkono kutafuta mapigo.

"Mgonjwa ni huyo," Enno akasema, akininyooshea kidole.

Hospitali walikuta mshipa wake mkubwa umebaki na upenyo wa uzi. Wakauzibua siku hiyohiyo.

Jioni nikaenda kumwomba radhi kwa kumtumia.

"Unadhani nilivaa mkanda wako kwa sababu nakupenda?"

Kumbe kifua kilikuwa kinambana tangu Krismasi. Baada ya kujitapa miaka yote ile, aliona aibu kusema. Aliposikia kuna mwanamke anasoma mapigo ya watu, akatumaini atayaona, yeye asifungue mdomo.

"Na kama ningesema nimeacha dawa?" nikamuuliza.

Akageukia dirishani.

Antje alininunia wiki nzima. Siku hizi naendesha baiskeli mwenyewe, na yeye yuko nyuma yangu anahakikisha.

Ndugu zangu, kifua kikikubana, sema. Sema wewe, kwa mdomo wako, leo. Enno aliukabidhi uhai wake kwa mvivu na mwongo, na mvivu huyo alibakiza kidogo tu adanganye tena.