Mrefu wa Darasa la Tano

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, binti yangu alikataa kuvaa viatu. Alikuwa na miaka kumi na mitano, na basi la kutoka Ruiru kwenda Thika halikuwa la kungoja mtu.

"Vitanirefusha," alisema.

Mama yake aliviokota, akavitia kwenye kikapu, akanikonyeza ninyamaze. Tukatoka wawili, mimi na binti yangu, yeye peku.

Shule ya kwetu ilikuwa imefungwa serikali ya wakoloni ilipotangaza hali ya hatari, naye akapoteza karibu miaka mitatu. Ilipofunguliwa tena, aliketi na watoto waliomfikia begani. Walimwita Mlingoti. Mwalimu akampeleka kiti cha nyuma asiwazibie wengine ubao. Kwanza alianza kutembea ameinama, halafu akaacha kujibu maswali darasani, halafu hata nyumbani akawa anazungumza na kikombe chake cha chai. Niliogopa. Nilikuwa nimeona wasichana wawili pale kijijini waliozima kama taa hivyo hivyo, na hakuna aliyejua siku waliyoanza.

Mimi sikuvuka darasa la pili. Mengine niliyapata kwenye vitabu, na katika kimoja nilisoma kwamba kijana akumbushwe mema yake ili ajithamini. Niliona ni shauri zuri. Ila sikujua namna ya kulifanya isipokuwa namna ya kazi yangu, na kazi yangu ilikuwa kusimamia uchambuzi wa kahawa katika shamba moja upande wa Mugutha. Wachumaji humwaga kahawa kwenye gunia lililotandazwa chini, nami napita nikitazama: nyekundu huku, mbichi kule, zilizokauka pembeni. Basi kila jioni nilimsimamisha binti yangu karibu na mlango. Mwandiko, mzuri. Adabu, nzuri. Mgongo, bado. Sauti, bado.

Kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba, kwa hiyo mimi humwita mama. Mke wangu alivumilia majuma kadhaa, kisha akasema akiwa anamenya viazi, bila kuinua kichwa:

"Baba watoto, huyu unamwita mama, halafu jioni unammwaga kwenye gunia. Mama yako mwenyewe ungemchambua hivyo? Angekuchapa na mwiko."

Binti yangu alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, lakini sikuwa nimekisikia siku nyingi. Niliacha ule ukaguzi, na nikabaki sina la kufanya, jambo ambalo kwangu ni gumu kuliko kazi.

Nafasi ya darasa la tano katika shule ya wasichana Thika nilikuwa nimeilipia shilingi thelathini. Ndani ya basi niliandaa maneno ya kumwambia tukifika langoni. Niliyapanga mara nyingi, na kila mara yalitoka kama hotuba ya mazishi. Yeye alitazama mashamba ya mkonge, mikono imebana kikapu. Tuliposhuka alivaa viatu kimya kimya, kwa sababu shule haikupokea mtu aliye peku.

Uani wasichana wadogo walikuwa wameketi juu ya masanduku yao. Mmoja alimwona, akasimama, na wote wakasimama naye.

"Hujambo, mwalimu!"

Wakaangua kicheko. "Mwalimu, tubebee sanduku!" "Mwalimu, huko juu mvua inakuja?"

Mgongo wake ulikunjika. Nikafungua mdomo nianze maneno yangu.

"Baba, nyamaza kidogo," alisema.

Hakuwahi kuniambia hivyo. Aliingia ofisini mbele yangu. Mwalimu mkuu, mama wa makamo mwenye miwani, alimwonyesha mstari wa darasa la tano kupitia dirishani.

"Nataka kupimwa niingie la sita," binti yangu akasema. Sauti ilitetemeka.

"Umesoma la tano wapi?"

"Nyumbani. Vitabu vya baba."

Yule mama aliweka kalamu chini. "Sikiliza. Ukishindwa, sitakurudisha la tano. Yuko mtoto nje anangojea hiyo nafasi, na malipo hayarudishwi. Mzee, umesikia?"

Nilikuwa nimesikia. Nilitaka kusema hapana. Nafasi nyingine sikuwa nayo, wala shilingi thelathini nyingine. Binti yangu alinigeukia akanitazama usoni, na ndipo nikagundua kwamba kwa mwaka mzima nilikuwa nimezoea kuona utosi wake.

"Mtihani ni wake," nikasema. "Muulize yeye."

Alikubali, akapelekwa kwenye mtihani; mimi nilingoja nje chini ya paa la mabati. Kibali changu cha safari, ambacho askari waliweza kukidai njiani, kilikuwa cha siku ile tu, nami nilikigusa mfukoni kila nilipofikiria darasa la sita. Mama mmoja aliyeketi karibu nami na mtoto wake aliniuliza kama nami nangojea nafasi. Nilimwambia sijui.

Kengele ilipolia alitoka akitembea haraka.

"Kusoma nimepita. Kiingereza nimepita. Hesabu nimeanguka. Zile za sehemu, nusu na robo kujumlisha. Sijawahi kufundishwa."

Alisema kwa sauti ya kawaida, na ua mzima ulisikia. Yule mchokozi wa kwanza akauliza, "Sasa umepewa la ngapi, mwalimu?"

"Sijapewa. Wewe unazijua sehemu?"

"La."

"Basi tuko sawa."

Mama wa pembeni yangu aliitwa ndani na mtoto wake. Sikuweza kumtazama.

Njiani kuelekea kituo cha basi binti yangu aliniuliza, "Baba, hizo sehemu wewe unaziweza?"

"Kidogo."

"Tuanze leo. Mwakani nitakuja tena, la sita hilo hilo."

Mwakani angekuwa na miaka kumi na sita, na hakuna aliyetuahidi kwamba wangempokea. Nililifikiria hilo mpaka Ruiru. Nilijizuia nisitazame mgongo wake, na kujizuia kulinichosha. Mpaka leo sijui kama baba mwenye busara zaidi angemruhusu.

Mke wangu alitukuta barabarani. "Amepata?"

"Sikupata," binti yangu akajibu kabla yangu. "Nimejaribu la juu zaidi."

Mke wangu alinigeukia, akataka kujua imetugharimu nini. Nikamhesabia malipo ya shule pamoja na nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi: shilingi thelathini na tatu.