Wembe Tumboni mwa Kiboko

Mtaani wanamwita Bi Maboksi, naye haoni tusi. Boksi la viatu ambalo wenzake wanalitupa, yeye analitazama kama mchumba. Mpe magazeti, gundi ya unga aliyoipika mwenyewe na rangi kidogo, utaona mnyama wa kukaa katikati ya meza ya sherehe, na watoto wasikumbuke hata keki. Aliwahi kutengeneza kobe mwenye sura ya mwenye nyumba wake. Mwenye nyumba akamsifu sana kobe yule, akasema ana uso wa hekima.

Safari hii alikuwa ametengeneza kiboko, wa sherehe ya mtoto wa kaka yake. Kiboko ameachama kama mheshimiwa anayeanza hotuba, na mtoto anapitisha mkono mdomoni mpaka begani, anachota peremende tumboni. Bi Maboksi alikaa sebuleni kwa kaka yake, soda mkononi, akisikiliza sifa, akasema kimoyomoyo kwamba kweli wembe wake una baraka.

Wembe! Akaitua soda chini.

Ana tabia moja hiyo. Mikono ikishajaa gundi, wembe wa kukatia maboksi anautia ndani ya tumbo la mnyama, usije ukaokotwa na mtoto wa mtu. Akikaribia kuliziba, anautoa. Lakini jana, wakati wa kuziba, mpangaji mwenzake alimwita ukutani wasikilize majirani wakigombana, na ugomvi mtamu hauachwi njiani. Alirudi akaziba tumbo huku bado anacheka. Je, aliutoa?

"Haya, foleni!" Wifi yake, mke wa kaka, akapiga makofi. "Mwenye sherehe kwanza!"

Kimkono kikaelekea mdomoni mwa kiboko.

"Wee! Usimguse!"

Mtoto akaruka nyuma. "Shangazi, anang'ata?"

"Anaumwa, mwanangu. Tumbo. Lazima apasuliwe sasa hivi."

Akanyakua kisu cha keki, akamgeuza kiboko chali, akampasua kuanzia kidevuni hadi mkiani. Watoto wakapiga kelele za furaha, wifi akapiga za msiba. Peremende zikamwagika meza nzima. Bi Maboksi akapekua, akapapasa, akachungulia hadi kwenye miguu. Wembe hauonekani. Basi umo humohumo kwenye peremende! Na watoto hao, wanakuja mbio. Akajitupa juu ya meza, kifua na tumbo, kanga na mikufu.

"Hakuna kugusa!"

"Wifi," mke wa kaka akasema, mikono kiunoni, "hizo peremende ukiziatamia zitaanguliwa?"

"Nipe dakika, wifi yangu."

"Mchoyo we! Watoto wa watu wanakutazama!"

Heri aitwe mchoyo kuliko kidole cha mtoto kikatwe. Akaanza kuitafuta sentensi ya kukiri bila kufa kwa aibu. Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia mume wake, amechelewa kama kawaida, kidevu kimebandikwa vipande vya karatasi vilivyolowa damu.

"Umefanya nini tena usoni?" akamuuliza kutoka mezani alikolala.

"Unaniuliza mimi? Uulize wembe wako! Nimeukuta asubuhi dirishani, nikasema ninyoe ndevu niwe nadhifu kwa shemeji. Kumbe umejaa gundi! Umeninyonyoa kama kuku."

"Dirishani?"

"Dirishani. Sasa uko kwenye takataka, na utakaa hukohuko."

Bi Maboksi akateleza kutoka mezani, akamkumbatia mzee wa watu, akambusu kwenye karatasi zilezile. Mume, ambaye alishajiandaa kutukanwa, akaduwaa.

"Mke wangu, unaumwa?"

"Nimepona."

Nyuma yao watoto walishaivamia meza, mikono yote mizima, vidole vyote mahali pake.

"Shangazi," mwenye sherehe akasema, peremende zimejaa mashavuni, "mshone tumpasue tena."