Beberu wa Namoto na Mbuzi wa Wakfu wa Rongui

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyeumba viumbe kwa jozi akavieneza bara na baharini. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu na jamaa zake.

Nilisafiri kwa sababu ya mbuzi. Kisiwani Rongui kuna kundi la wakfu; madume yake huchinjwa Idi kubwa, nyama wakapewa yatima. Bibi Mwanahawa, aliyerithi kulitunza kutoka kwa baba yake, aliniletea salamu nyumbani Mosimboa: watoto wa mbuzi wanazaliwa vipofu, wengine miguu imepinda, na kundi linakwisha. Mnyama mwenye kilema hafai kuchinjwa Idi. Alitaka kujua amekosa nini.

Asubuhi nilipanda gari hadi Palma. Ilikuwa miaka ile gesi ilipogunduliwa, mji umejaa wageni. Kwenye ofisi ya mifugo nilimkuta Dona Selesti, mwanamke mtumishi wa serikali kutoka Nampula, nikamweleza habari za mbuzi wa Rongui.

"Shehe, beberu wao wanamtoa wapi?"

"Humo humo kundini."

"Tangu lini?"

"Tangu enzi za babu zetu."

Akashika kichwa. "Basi mume ndiye baba, ndiye kaka! Tukatafute beberu wa mbali."

Palma hatukumpata, walionona wote walikwishaingia majikoni mwa kambi za gesi. Tukaendelea hadi Namoto. Huko Dona Selesti alikagua macho, meno na kwato, akachagua beberu mwekundu, mkorofi, aliyenipiga pembe kabla hatujafika kwenye boti.

Rongui tulifika adhuhuri ya siku ya pili. Bibi Mwanahawa alitukaribisha kwa maji na samaki wa kuchoma, lakini alipomwona beberu uso ukambadilika.

"Huyo si wetu. Marehemu baba aliniusia, wakfu usichanganywe. Nitamjibu nini Mungu?"

"Bibi, hawa wote ni ndugu," akasema Dona Selesti. "Kasoro iliyojificha kwa baba imejificha kwa mama pia. Mtoto akiirithi kwa wote wawili, inatokeza. Na ugonjwa utakaomshinda mmoja utawashinda wote."

"Kwenu Nampula mnasomea kuozesha mbuzi?"

"Tunasomea, bibi. Na bwana harusi tumemleta."

Bibi akacheka, kisha akanigeukia, machozi yakimlengalenga. Nikamweleza kwamba mtoto wa mnyama humfuata mama yake katika milki. Mama akiwa wa wakfu, mtoto ni wa wakfu, baba atoke atokako. Baba yake alikataza wakfu kuchanganywa na mali za watu. Hakukataza mbuzi kuzaa watoto wazima.

"Hata akizaliwa mwekundu?"

"Hata akizaliwa mwekundu."

Tukasali alasiri. Ndipo akaipokea kamba mkononi mwangu, akasema bismillahi, akamfungulia beberu zizi yeye mwenyewe.

Tulipokuwa tukirudi, Dona Selesti alinionyesha majani ya bahari chini ya boti, malisho ya nguva.

"Nguva wa hapa nao wamebaki wachache, shehe. Wananyonyesha kama mbuzi, na huenda haya haya yakawafika. Ila wao hakuna wa kuwaletea mume kutoka Namoto."

Mimi nilidhani mnyama humalizwa na kisu na nyavu tu. Nimejifunza kwamba hata wanyama wasipoguswa, wakibaki wachache wanaozaliana wenyewe kwa wenyewe, wanaweza kwisha taratibu mbele ya macho ya anayewapenda.

Mwaka uliofuata Bibi Mwanahawa aliniletea salamu tena: watoto wamezaliwa, wanasimama, na wanawaona mama zao. Alhamdulillahi.

Nawe uliyesoma, Mola akujaalie uzao mzima, akuwezeshe kuitunza kila amana uliyoachiwa. Amina.