Nyusi za Dada Faida

Juzi nilimkuta mjukuu wangu mbele ya kioo, amepaka nyusi dawa ya kuzifanya ziwe rangi ya mahindi. Harufu yake kali ilinifanya niketi.

Niliinusa mara ya kwanza Uvira, kule Kongo, asubuhi moja ya wakati wa waasi. Mama alikuwa amemkalisha dada yangu Faida jikoni, akimpaka kwenye nyusi dawa ya kuoshea vidonda, ile inayotoa povu. Faida alilia kwa kuwashwa macho. Mimi nilidhani anaolewa.

"Mama, na miye unipake," nikasema.

"Weye ungali mutoto," mama akajibu. "Shukuru Mungu."

Nyusi zilipogeuka rangi ya kutu, akazipaka majivu, na mashavu pia, akamfunga kitambaa kichakavu kichwani na kumpa fimbo. Nilisikitika. Bibi harusi gani huyu?

Tukaukimbia mji kwa miguu. Kwenye bariere, kizuizi cha waasi katika njia ya Runingu, wapiganaji walikuwa wakiwatoa wasichana pembeni. Nilidhani wanawapumzisha kivulini, leo najua. Mpiganaji mmoja alimtazama Faida, aliyeinama juu ya fimbo, kisha akageuza uso.

"Pita, koko," akamwambia, kama anayesema na bibi yake.

Tulitembea mpaka tukavuka mto Ruzizi, tukaingia Burundi.

"Unyooke sasa," mama akamwambia. "Hakuna muntu mwenye iko anatuona."

Faida aliitikia. Lakini aliendelea kutembea ameinama vilevile, akiegemea fimbo, mpaka jua likazama.