Neno "Bado"

Bulonza hufua mashuka ya wazee huko Tonawanda, ughaibuni. Miaka sita alingoja nyumba ya kodi nafuu, yeye na watoto wanne kwenye chumba chenye ukungu ukutani. Siku moja ofisi ya nyumba ikapiga simu, na mkalimani akamuuliza, "Mama, ile nyumba unaihitaji?"

"Bado!" akajibu kwa furaha. Kwao Bukavu maana yake ni, ningali naihitaji.

Mkalimani, mtu wa Tanga, akaelewa kwamba bado hajaihitaji.

Barua ilipofika, bintiye Chimène akaisoma mara mbili. "Maman, wamekutoa kwenye orodha. Wanasema ulikataa."

"Nilikataa nini? Mais, lakini nilisema bado!"

Alijaza fomu upya, akaanzia mkiani mwa orodha. Sasa Chimène akiuliza kama wamepata nyumba, mama hutikisa kichwa tu. Lile neno halitamki tena.