Nafasi ya sita kwenye bima yangu: nimuache mwanangu au nimuweke mjukuu?

Admin, jina langu liache hukohuko inbox, na majina ya wanangu nimeyabadilisha. Mimi ni baba wa miaka hamsini na minane, Msukuma. Wazazi wangu walihamia huku Katavi na ng'ombe nikiwa mdogo, sasa nalima tumbaku na mahindi upande wa Kasokola, nje kidogo ya Mpanda mjini. Najua humu wanaolia ni akina mama, sisi wanaume tunapita kusoma na kucheka. Leo sicheki.

Kikundi chetu cha wakulima wa tumbaku kina bima ya afya. Unakatwa kwenye mauzo, kadi inabeba watu sita, basi. Kwangu ni mimi, mke wangu, watoto watatu wanaosoma, na wa sita ni kijana wangu mkubwa, nimwite Masanja, ana miaka ishirini na sita. Mtoto mtu mzima anaruhusiwa kubaki kama bado anaishi nyumbani na hajiwezi, ila kila msimu baba ndiye anayethibitisha. Misimu yote nimethibitisha bila kufikiri mara mbili. Msimu huu sijathibitisha bado.

Masanja alikwenda machimboni akiwa mzima na mcheshi, akarudi anabishana na watu tusiowaona. Tukaambiwa karogwa, nikaamini, ng'ombe wote wakaishia kwa waganga, kwa hiyo naomba mtu asije kwenye komenti kuniambia niuze ng'ombe. Hospitali wakasema ni ugonjwa wa akili na gongo imeuchochea. Sindano waliyoanza nayo ilimkakamaza shingo, akakimbia, akakataa kurudi. Ndipo siku moja akampiga mama yake kwa mchi wa kutwangia. Alisema yule si mama, ni mtu kavaa nguo zake. Mkono ulivunjika na ukaunga vibaya, mpaka leo mke wangu hawezi kufunga majani ya tumbaku. Majirani walinisaidia kumfunga Masanja kamba kwenye nguzo ya bani, humo tunamokaushia tumbaku, akashinda anaita "baba, baba" mpaka sauti ikamuisha. Mimi nilikuwa nimekaa nje namsikia. Baadaye daktari akampa sindano nyingine, ghali, ya kila mwezi, na bima ndiyo inayoilipia. Hiyo imemkubali. Sasa analima, anachota maji, anasalimia watu.

Sasa binti yangu naye amerudi. Alikuwa Kapalamsenga kwa mwanaume mmoja wa huko ziwani, wakazaa, mtoto akaonekana ana selimundu, mwanaume akazima simu. Mahari hakutoa hata kwato, na kwetu mtoto ambaye mama yake hajatolewa mahari ni wa babu yake. Ataniita baba, anahesabiwa pamoja na wanangu, hata kikundi wanalijua hilo na wamekubali aingie kwenye kadi yangu. Lakini nafasi ni sita. Wanaosoma hawatolewi mpaka wafike miaka kumi na minane. Nikasema nijitoe mimi, wakaniambia mwanachama akitoka, kadi nzima imekufa. Mke wangu ana presha na huo mkono. Amebaki Masanja peke yake.

Nyumbani hatulali kwa amani. Binti aliniambia wazi mbele ya mama yake, "Baba, kaka kashaishi miaka ishirini na sita. Wangu hata kutembea bado, na kashaongezewa damu." Mke wangu akamjibu, "Mkono uliovunjika ni wangu, na mimi sijamshtaki mtu. Masanja hatoki." Nikawaambia nyie wanawake mtaniua, nikatoka. Ukweli nilitoka kwa sababu kila aliyesema nilimuona ana haki. Sindano naweza kulipa mwezi mmoja, miwili nikijibana. Damu na kulazwa kwa mtoto siwezi kabisa. Nimepiga hesabu hizo mpaka nimechoka, na kila mara mmoja wao anaachwa.

Juzi nilikuwa nachambua tumbaku, Masanja akaja akakaa pembeni yangu, akaanza kunisaidia kutenga majani. Hana papara siku hizi. Akasema, "Baba, nimesikia mnagombana. Mimi nitoeni, mtoto aingie."

Nikamwambia anyamaze, hayo ni ya wazee. Akaendelea na kazi yake, kisha akasema, "Ila nikianza tena mnifunge mapema, baba. Msisubiri nimfikie mayu."

Mayu ni mama yake. Nimezika wazazi wangu wote wawili bila kutoa chozi mbele za watu, lakini pale niliinamia majani nikalia, na yeye akawa ananipiga piga mgongo kama mimi ndiye mtoto.

Wengine wataniambia kijana mwenyewe kashakubali, tatizo liko wapi. Tatizo ni kwamba wiki ileile alikuwa ametoka kuchomwa sindano. Huyu mwenye huruma, anayeomba atolewe kwa ajili ya mpwa wake, ndiye anayeletwa na ile sindano. Nikimkubalia, yeye ndiye atakuwa wa kwanza kuondoka. Nitabaki na yule aliyeshika mchi, na huyo hatakumbuka kwamba alimwachia mtu nafasi. Na mtoto mwenyewe analala nyumba hiyohiyo.

Kiongozi wa kikundi anataka jina Jumatatu. Mke wangu hasemi na binti, binti hasemi na mimi, na Masanja anaimba huko shambani kama mtu aliyemaliza shida zake.

Ndugu zangu, sitafuti wa kunipa pole. Nyie mngekuwa mimi, mngeandika jina la nani?