Mafundi Watatu, Koo Moja

Krismasi ile tulikula kwa ndugu yangu mkubwa, katika nyumba yake ya wafanyakazi wa reli pale Muthurwa. Kwetu magharibi, kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye boma. Hilo halijadiliwi. Shemeji aliiweka mbele ya mumewe, juu kabisa ya bakuli. Ndugu yangu akaitazama kidogo, akaichukua kwa vidole, akaiweka kwenye sahani yangu.

Mke wangu akanigusa kwa goti chini ya meza. Nami nikaila. Kwa nini nisiile? Niliacha shule darasa la nne, nikaanza kazi ya mjengo Industrial Area nikilala Mukuru kwa Njenga, na siku hizi ukifika Kware ukauliza ile ploti yangu ya kupangisha, ya mawe, yenye milango ya kijani, hata mama anayeuza sukuma wiki atakuonyesha kwa kidole. Nikasema moyoni, mzee ameona ni nani sasa anayebeba ukoo. Nikatafuna polepole ili kila mtu aone.

Shemeji alinifuata nje nilipokuwa nanawa mikono.

"Shemeji, usijivune. Hajakupa. Haipiti."

"Haipiti wapi?"

"Hapa." Akajishika katikati ya kifua. "Ugali uliacha kupita tangu msimu wa mahindi mabichi. Sasa ni uji na chai, na hata uji nauchuja. Amenikataza kusema."

Mimi si mtu wa kungojangoja. Sikukuu zilipoisha tu, nilimtia kwenye pikapu yangu tukaenda kwa daktari wa upasuaji, mjini, mwenye kliniki ya zulia na maua. Ndugu yangu akanyweshwa dawa nyeupe kama chokaa, akapigwa picha ikipita. Kisha akatumwa kwa daktari mwingine wa kushusha kamera kooni, akakatwa kinyama kidogo kikapimwa. Majibu yalipotoka, yule wa upasuaji alituketisha, akasema ni saratani, iko kwenye njia ya chakula, upande wa chini karibu na tumbo.

"Inatibika?" nikauliza.

Akaeleza kwamba anaweza kuikata ile sehemu yote, akalivuta tumbo juu, akaliunga na kipande kizima kilichobaki. Nilimpenda papo hapo. Bomba limeoza, kata, unga. Hiyo ni kazi ninayoielewa hata nikiwa usingizini.

"Sawa. Lini?"

"Si sasa. Alivyokonda hivi, anaweza kufia mezani. Kwanza aongeze uzito."

"Aongeze kwa kula nini, daktari, na hakuna kinachopita?"

"Tutatoboa tumbo kidogo, tuweke mpira, alishwe kupitia hapo kwa wiki kadhaa. Halafu tutazame."

Tulipokuwa tunapita soko, ndani ya pikapu, ndugu yangu akaniuliza.

"Nijazwe tumboni kama lori linajazwa dizeli?"

"Ni kwa muda tu, mzee."

"Hapana."

Hebu angalia mambo yenyewe. Ili apasuliwe, lazima anenepe. Ili anenepe, lazima ale. Ili ale, lazima apasuliwe. Mimi ningempa fundi wangu kazi ya namna hiyo angenitupia mwiko usoni na kwenda zake.

Lakini mimi nina njia yangu ya kufanya kazi, na ndiyo iliyonitoa matopeni. Sipi fundi mmoja kazi. Naita watatu. Wa kwanza akinipa maneno yake, nayachukua hayo hayo nampelekea wa pili, halafu namtazama usoni. Fundi hawezi kuvumilia kusikia mwenzake akisifiwa. Atakwambia kila kitu ambacho yule amekuficha: saruji itakayopungua, nondo nyembamba, yote. Wakigombana mbele yako, ukweli unadondoka wenyewe, unauokota. Ploti yangu nimeijenga hivyo na haina ufa hata mmoja.

Basi tukaenda kwa daktari wa miale, ile ya kuchoma saratani bila kisu, katika hospitali kubwa ya serikali. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi, watu wamejaa hadi ngazini, wengine wametoka mbali na blanketi zao. Daktari mwenyewe alikuwa mama mwembamba wa miwani. Nikaanza kazi yangu.

"Daktari, mwenzako wa mjini ananiambia miale ni ya watu walioshindwa na kisu."

Hakuwa amesema hivyo, lakini hivyo ndivyo mtu anavyochokozwa. Nikangoja awake. Yeye hata hakunigeukia. Akamwuliza ndugu yangu, "Mzee, kwa sasa unameza nini?"

"Chai. Ikipoa. Na sala za mke wangu."

Akacheka yule mama, kisha akaeleza bila haraka. Miale inaweza kuipunguza. Lakini atakuja kila siku kwa wiki nyingi, na katikati koo litauma, huenda akameza kwa shida zaidi kabla ya kupata nafuu. Na foleni ni ndefu, mashine ikiharibika wote wanasubiri.

"Inaponya?" nikauliza.

"Wapo inaowaponya. Kwake siwezi kuahidi."

"Basi niambie tu. Kati yako na yule wa kisu, nani bora?"

"Inategemea."

Neno hilo! Nilichoka nalo mwaka ule kuliko nilivyochoka na kitu kingine chochote duniani. Inategemea imefika wapi. Inategemea nguvu zake. Inategemea mapafu. Mteja akiniuliza kama paa langu litavuja nami nimjibu "inategemea," si atanifukuza na mbao zangu?

Wa tatu alikuwa yule wa kamera. Huyu naye akasema anaweza kusukuma mpira mgumu kidogo, wenye tundu katikati, mpaka pale palipoziba, auache humo humo. Baada ya siku chache mtu anameza uji, kisha ugali mlaini na mchuzi. Kuna hatari ya kutoboka wakati wa kuuingiza, hakuficha.

"Na ugonjwa?"

"Ugonjwa utabaki."

Nikacheka kwa sauti. "Daktari, bomba lako likioza, nikakupachikia bomba lingine ndani, nikaacha uozo uendelee, utaniita fundi?"

"Bomba halisikii njaa, Kontrakta," akasema ndugu yangu kutoka kwenye kiti chake. Kontrakta lilikuwa jina lake la kunichokoza.

Nikarudi kwa yule wa upasuaji na maneno ya mama wa miale. Akaniambia yule mama ni daktari hodari. Nikarudi kwa mama wa miale na maneno ya yule wa kamera. Akasema hata hilo ni jambo la kufikiriwa. Hapo nilishindwa kabisa. Watu watatu, kazi moja, na hakuna anayemsema mwenzake! Utamjuaje mwongo? Nami kila nilipozunguka, suruali ya ndugu yangu ilizidi kukunjamana chini ya mkanda.

Mwishowe nikaita kikao kwangu Kware, Jumapili baada ya kanisa. Tulikuwa sisi wawili na wake zetu. Nikasimama, nikatoa uamuzi.

"Ni kisu. Atawekewa mpira wa tumboni apende asipende, atanenepa, atakatwa, kwisha. Gharama ni yangu. Mimi sijawahi kushindwa na kazi, na hii haitanishinda."

Ndugu yangu alikuwa na kikombe cha maji mkononi. Akanywa kidogo, akangoja, kisha maji yakarudi. Akayatema kwenye leso bila kelele, akaikunja.

"Bwana mdogo, madaktari wote umewauliza swali lako. Langu hujauliza."

"Lako ni lipi?"

"Nitameza lini."

"Mzee, mimi nazungumza habari ya kupona!"

"Nimesikia. Nilikuwa nimeketi pale kila mara, ama ulifikiri nimelala? Wa kisu anataka nilishwe tumboni kwanza, halafu labda. Yule mama wa miale nimempenda, lakini foleni yake itanikuta nimekauka. Nataka mpira wa yule wa kamera."

"Mpira hauponyi! Huko ni kukata tamaa."

"Wewe, mimi nina njaa." Sauti yake ilipanda mpaka mke wangu akaacha kupanga vikombe. "Njaa! Jirani akikaanga vitunguu mimi natoka nje ya nyumba yangu. Umewahi kuikimbia nyumba yako kwa sababu ya vitunguu?"

"Shemeji, mwache," akasema mkewe, akitazama sakafu.

Nikatoka nikasimama kwenye roshani. Wapangaji wangu walikuwa wanaanika nguo huko chini, na mmoja wao akanisalimia, "Sasa, landilodi!" Ploti nzima yangu, na ndani ya nyumba yangu mwenyewe hakuna aliyenisikiliza.

Nilimpeleka mwenyewe akawekewe mpira ule. Njia nzima nilifungulia redio kwa sauti.

Hakikutoboka kitu. Aliambiwa ale vyakula vilaini, atafune sana, akae wima, na kila akimaliza anywe soda kidogo isafishe mpira. Nikanunua kreti nzima, nikaipeleka Muthurwa begani mwangu mchana kweupe, nikimpita kila jirani. Nilimkuta mezani. Ugali mlaini, mchuzi wa samaki aliyetolewa miiba yote, naye anatafuna kitonge kidogo polepole kama kibarua anayelipwa kwa siku. Kikashuka. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na mwiko, anamtazama koo.

Alinipakulia. Sikugusa. Mimi nilikuwa naona kile kilichobaki humo ndani, kando ya mpira, kinaendelea na shughuli zake.

"Mzee," nikasema, "sasa unakula. Uzito utapanda. Mwezi ujao turudi kwa yule wa kisu. Hata mama wa miale. Foleni itakuwa imesogea."

Akanywa soda, akacheua, akafumba macho kidogo.

"Kontrakta, chakula chako kinapoa."

"Nakuuliza jambo la maana!"

"Nami nakujibu. Kula."

Nikamega kitonge kwa hasira, nikakichovya. Nilipoinua macho, sahani yake ilikuwa tupu, na alikuwa ananyoosha mkono kwenye sufuria.